Kiti cha Mkwe

Iko Jumamosi moja, mwanangu, huwa inanijia hata nisipoiita. Napepeta maharagwe, inakuja. Niko kanisani, mchungaji anahubiri, inakuja inakaa kando yangu kwenye benchi. Leo imekuja kwa sababu yako. Ndiyo maana nimemtuma Rosa sokoni Shinyalu akaninunulie sukari, na sukari iko tele kabatini. Usimwambie. Nilitaka tubaki wawili.

Keti, keti. Hapana, usisimame. Najua unajiuliza kama huyu mama amerukwa na akili, mkwe na mama mkwe kubaki peke yao ndani ya nyumba, jirani akipita atasema nini. Aseme. Mdomo ni wake. Na umesikia nimekuita mwanangu, sikukuita mkwe. Nimefanya makusudi.

Hicho kiti ulichokalia hapo karibu na mlango ni cha mkwe. Kila nyumba ya huku kwetu ina kiti kama hicho, hata kama hakuna aliyekipa jina. Mkwe anakaa hapo mgongo wima, miguu pamoja, anakula kidogo kuliko njaa yake na kucheka kidogo kuliko furaha yake. Mama mkwe hampi mkono. Chakula anakipitisha kwa binti yake. Mkwe halali kwenye nyumba hiyo, hata kujinyoosha kidogo kwenye kochi hawezi, na paja lake mama mkwe hapaswi kuliona kamwe. Haya unayajua. Umeyafuata vizuri tangu umuoe Rosa, na nimekuheshimu kwa hilo. Lakini asubuhi ya leo ulipoinuka kuniamkia ulishika ukuta kwanza. Nimeona.

Na Rosa ameniambia. Umejiandikisha kwa hiyo safari ya baiskeli ya wiki ijayo, Kakamega mpaka Lugari, na fulana yao ya kijani umeshapewa. Pikipiki ilipokuvunja paja, daktari aliweka chuma, akasema upumzike mpaka yeye mwenyewe akuambie inuka. Hajakuambia. Umejiambia mwenyewe. Eti unataka watu wa kazini waone umepona, waache kukuita Mzee wa Fimbo. Rosa alilia pale jikoni kwangu akisema, "Mama, hasikiangi mtu." Niliganda na mwiko mkononi, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na umri kama wake.

Baba mkwe wako hukumkuta. Hata Rosa hamkumbuki, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Anachojua ni kwamba baba yake aliugua mguu akafa. Ni kweli, lakini kweli hiyo ni fupi mno. Wewe nitakupa yote.

Aliitwa Ainea. Tulikuwa tumepanga chumba Shirere, pale Kakamega mjini, na kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa baiskeli. Pikipiki zenu hizi hazikuwa zimejaa. Mwalimu, mgonjwa, bibi arusi, wote walikaa juu ya kile kiti cha nyuma cha sponji, na Ainea akawapandisha mlima bila kuhema. Alikuwa na miguu, Mungu wangu! Alikuwa na maringo pia. Nikimwona anashuka barabara huku ameachia mikono, nilikuwa namtukana kwa sauti na moyoni nafurahi.

Siku moja alimpeleka mtu mbali, mpaka karibu na Butali. Akirudi, trela ya miwa ikampita, mnyororo ukafunguka, mzigo ukamwangukia. Abiria alikuwa ameshashuka, tunashukuru. Mfupa wa paja ulivunjika, ukatoboa nje. Hospitalini wakaweka chuma, wakamshona, akarudi nyumbani na magongo mawili. Kidonda kikakauka pande zote isipokuwa sehemu moja kando ya paja, kishimo kidogo tu. Kila jioni nilikikanda kwa maji ya chumvi, na kila jioni kilitoa maji mazito yenye harufu. Harufu ile, mwanangu, haifanani na kitu kingine. Siwezi kuisahau.

Sasa sikia jambo ambalo vijana wa leo mtacheka. Kwetu mwanamume haendi kwa wakwe na magongo. Nani aliliweka hilo, sijui. Labda hakuna aliyeliweka, lilikuwa tu kichwani mwa kila mtu. Kwa hiyo miezi ikapita na Ainea hakwenda kwetu Lugari, hata Pasaka, hata shamba lilipovunwa. Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi huko, kwenye yale mashamba makubwa ya wazungu yaliyogawanywa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyapamba. Akatuma shangazi yangu atuambie hivi: kama Ainea hana nguvu ya kulisha nyumba, anirudishe Lugari na mtoto mpaka apone.

Ee, mwanangu. Baba alikuwa na ghala limejaa mahindi. Alitaka tukale. Alikuja kuniapia baadaye, machozi yakimtoka, kwamba ndani ya moyo wake halikuwemo jambo lingine. Lakini mwanamume aliyelala kitandani mchana kutwa anasikia kwa kidonda chake. Ainea alisikia kwamba mke wake anachukuliwa. Shangazi alipoondoka aligeukia ukuta, na chakula cha siku hiyo hakukigusa.

Basi waendesha baiskeli wa mjini walikuwa na mchezo wao kabla ya Krismasi. Walitoka Kakamega alfajiri, wakapita Butali, wakapanda mpaka Lugari, na anayefika kwanza alipewa tairi mbili mpya na sifa za mwaka mzima. Walimalizia sokoni, na kutoka sokoni mpaka kwa baba ni mwendo mfupi wa miguu. Ainea akayaweka magongo chini ya kitanda. Akaanza kufanya mazoezi nyuma ya nyumba.

Nilisema, jamani. Nilisema mpaka sauti ikakauka. "Ainea, hicho kidonda bado kinatoa maji."

"Maji ni maji, Mama Rosa. Si damu."

"Na daktari?"

"Daktari hana wakwe Lugari." Akacheka, akanishika kidevu. "Sitaki tairi zao. Nataka niingie kwa baba yako na miguu yangu miwili, ninywe chai, niketi, nisimame, nirudi na mke wangu. Basi."

Hivyo ndivyo alivyopanga. Kuketi na kusimama mbele ya baba yangu. Kwa hilo aliweka mguu wake rehani, na mimi nikiwa ndani ya mguu huo pamoja na Rosa.

Nilitangulia Ijumaa na mtoto mgongoni kumsaidia mama kupika. Jumamosi mama alichinja jogoo mkubwa, kwa sababu mkwe hapewi kuku wa kubahatisha. Finigi likawekwa kando kwa ajili yake, maana finigi ni la mwanamume mwenye heshima. Mama aliimba asubuhi yote. Alimpenda Ainea sana, kwa jinsi mama mkwe anavyopenda, yaani kwa mbali, kupitia sufuria.

Ya barabarani sikuyaona. Niliyasikia kwa Shem, rafiki yake waliyeondoka naye. Alisema mlima wa kwanza tu, mguu mbovu ulikataa kusukuma. Ainea akatoa ule mpira wa tyubu anaofungia mizigo, akaufunga mguu wake kwenye pedali ili usiteleze, akaendesha na mguu mmoja huku mwingine ukizungushwa tu kama wa maiti. Baada ya Butali barabara hupanda, na wenzao wakawa wanadandia trela za miwa kwa mkono ili wavutwe. Ainea alizikwepa. Alikuwa akisikia trekta nyuma, anashuka kando ya barabara anatetemeka mpaka ipite. Shem akamwambia, "Wewe, shuka upande gari, nitakuletea baiskeli." Akamjibu, "Niingie kwa wakwe nikiwa nimebebwa kama gunia?"

Walifika Lugari wa mwisho, wenzao wamekwisha kunywa soda. Hawakupita sokoni hata. Nyuma ya ua wa baba, kwenye mahindi makavu, Shem alimfungua ule mpira. Suruali ilikuwa imelowa. Ainea akatoa kwenye mfuko suruali nyeusi, ile ya harusi yetu, aliibeba makusudi. Akafunga paja kwa shati lake la jasho, akavaa nyeusi juu. Damu haionekani kwenye nyeusi. Alikuwa amefikiria yote, mwanangu. Angetumia akili hiyo hiyo kukaa nyumbani, leo ungekuwa unamwamkia.

Akaingia langoni akitembea, bila gongo. Wanawake tulipiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Baba akamkaribisha, akamkalisha kwenye kiti cha karibu na mlango.

Niliingiza chai. Nilipomwinamia kumpa kikombe nikaona uso wake. Ulikuwa wa majivu, na jasho limesimama kwenye mdomo wa juu. Nikanong'ona, "Twende nje nikufunge."

Bila kusogeza midomo akaniambia, "Mbele ya mama yako? Afadhali nife."

Alisema hivyo hivyo. Watu husema maneno hayo kila siku, kwa mzaha, kwa hasira. Sikujua kuna siku mtu huyasema akiwa na maana.

Akanywa chai yote. Baba akaomba, na baba alikuwa na maombi marefu, alianza na Adamu. Obusuma, ugali wetu, ikaletwa na ingokho, yule jogoo. Ainea akaweka finigi mdomoni akalitafuna, akalitafuna, halikushuka, lakini hakulitema. Akamjibu baba kuhusu mvua. Akamjibu kuhusu bei ya mbolea. Alikuwa anashinda, unaelewa? Uso wa baba ulikuwa umelainika, na nilimsikia akisema, "Mwanangu, naona umepona."

Mama alikuwa jikoni. Toka mlango wa jikoni aliona kitu ambacho sisi tuliokaa juu hatukukiona. Mbwa wetu alikuwa amejilaza chini ya kiti cha mkwe, analamba sakafu.

"Baba Zakayo," mama akamwita baba, sauti si yake. "Mkwe wetu anatoka damu."

Ainea akatabasamu. "Hapana, mama. Ni jasho tu la safari." Na ili aonyeshe kwamba ni mzima, akasimama. Nilisikia mfupa. Watu wote mle ndani waliusikia.

Alipoanguka, mama aliruka kutoka jikoni na leso mkononi. Mama alikuwa ameshafunga majeraha mengi, ya shoka, ya panga, ya ng'ombe. Akafika mlangoni, na shangazi akamdaka mkono. "Usimguse! Mkwe wako! Paja la mkwe wako!" Mama akasimama pale pale, mguu mmoja ndani mmoja nje. Nikamwona akirudisha mikono nyuma ya mgongo. Akanitupia leso, akageuza uso ukutani. "Funga wewe! Juu, karibu na kinena! Kaza! Kaza zaidi!" Anafundisha ukuta, na mimi mikono inateleza.

Na bado wanaume hawakuniacha nikamilishe. Mkwe havuliwi nguo ndani ya nyumba ya wakwe. Kwa hiyo wakamwinua, wakamtoa nje, wakamzungusha mpaka nyuma ya zizi, mguu unaning'inia, ndipo wakaikata ile suruali. Hawakuwa wabaya. Wengine walikuwa wanalia wakimbeba. Walifanya walivyofundishwa, mimi nikikimbia nyuma nimeshika ncha ya leso.

Jirani alikuwa na gari la kubeba mahindi. Tulimlaza juu ya magunia matupu. Hospitali ilifanya ilichoweza, wakaukata mguu, lakini daktari akaniambia uozo ulikuwa umeingia kwenye damu siku nyingi kabla, na safari ile ndiyo iliyommaliza. Aliishi siku chache, za homa. Siku ya mwisho akili ilimrudia. Nilidhani ataniuliza juu ya Rosa. Akaniuliza, "Mama aliona?"

Nikamwambia hapana, hakuona.

Akafumba macho ametulia kabisa, mtu aliyepewa habari njema. Hilo ndilo lililomfariji mume wangu duniani, kwamba mama yangu hakuona paja lake.

Tulimzika kwao. Kabla sanduku halijafungwa, mama yangu alipita katikati ya watu. Shangazi alijaribu tena kumzuia, akasukumwa akakaa chini. Mama akaingiza mkono ndani, akamshika Ainea mkono. Mara ya kwanza kumshika mkwe wake mkono, mwanangu, na mkono umeshakuwa baridi. Akausugua kama anataka kuupasha moto. Kisha akanigeukia mimi, mjane, mbele ya watu wote, akanifokea.

"Unamlilia nani? Tumlilie nini? Huyu alikuwa mtoto. Amefia kwenye kiti changu akiniheshimu, na mimi nikaiweka mikono nyuma nikimheshimu. Mikono mizima hii! Wewe una binti. Siku binti huyo atakuletea mkwe, kama utamwacha akae kwenye kiti na maumivu yake kwa sababu yako, nisikuone kaburini kwangu."

Mama sasa naye amelala Lugari, na baba kando yake. Na binti ameniletea mkwe.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuite. Kupenda baiskeli si kosa. Kutaka kusimama mbele ya watu pia si kosa, ningemwonea Ainea nikisema hivyo. Lakini mguu wako haujui nani amekuita Mzee wa Fimbo. Haujui fulana, haujui wakwe. Unajua tu kama umepona au haujapona, na anayeweza kukusomea ni yule daktari, siyo wale wanaokucheka wala siyo wewe. Ukiumwa, sema. Sema kwa mke wako, sema kazini, sema hata kwangu, hata kama ni mahali pa aibu. Aibu nimeiona ikiua mtu mzima, amekaa wima, na kikombe cha chai mkononi, watu wanamzunguka wanaompenda, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa adui yake. Heshima mtu anayoifia si ya kuwapa wakwe. Mimi siitaki. Nipe mkwe anayelia kwa sauti kwenye nyumba yangu, ajinyooshe kwenye kochi langu, alale hata kitandani kwangu kama mguu unamsumbua, lakini Rosa wangu awe na mume na mtoto aliye tumboni mwake awe na baba. Ndiyo, najua kuhusu tumbo. Alidhani sijaona.

Na nimesema harufu ile siwezi kuisahau. Ulipopita hapa mlangoni leo asubuhi, mwanangu, nimeisikia.

Usitazame chini. Usiniambie ni jasho.

Mungu wa baba zetu akuinue kitandani kwa wakati wake, siyo kwa wakati wa watu. Akupe miguu ya kumkimbiza mwanao kwenye mahindi, akupe uzee wa kuchosha, uwe mzee msumbufu tunayekuchoka. Lugari haiendi popote, na baiskeli itakungoja. Nimeshamwita mwenye gari, anakuja kutupeleka hospitalini, na mimi nitaingia nawe mpaka kwa daktari.

Kunja suruali. Hata mimi sijawahi kufanya hivi. Nipe mkono wako kwanza. Uko moto. Asante Mungu, uko moto. Huyo ni Rosa, nasikia lango. Mwache aingie, akute nimekushika.